Kutuzwa na Kutunzwa: Mtoto wa Kike Klabuni Katika Filamu ya Queen of Katwe

Methali ya mcheza kwao husikika kwa namna mbili. Wapo wasemao "mcheza kwao hutuzwa" na wapo wasemao "hutunzwa". Wazee walitumia maneno yote mawili kwa maana ya kumpa zawadi mchezaji wa ngoma, lakini kwa msemaji wa leo yametengana. Kutuza ni kumpa mtu tuzo kwa sababu amefanya vizuri. Kutunza ni kumlinda na kumlea, awe amefanya vizuri au hakufanya. Katika makala haya ninaitumia tofauti hiyo kuihakiki filamu ya Queen of Katwe, ambayo sisi wa Uganda tunaiona kuwa yetu, na ambayo nimeishuhudia zaidi ya mara moja ikionyeshwa kwa vijana ili kuwatia moyo wasichana wajiunge na michezo. Hoja yangu ni kwamba filamu hii inaonyesha vizuri jinsi msichana anavyotuzwa, lakini jinsi anavyotunzwa inaionyesha nusu tu. Kwa kuwa tunaitumia kufundishia, ile nusu iliyokosekana inatuhusu.

Kisa chenyewe

Filamu ilitolewa mwaka 2016 na kampuni ya Disney. Mwongozaji wake ni Mira Nair, mzaliwa wa India ambaye ameishi Kampala kwa miaka mingi, na inatokana na kitabu cha Tim Crothers kilichochapishwa mwaka 2012. Kisa ni cha kweli. Phiona Mutesi (Madina Nalwanga) anaishi Katwe, mtaa wa mabanda jijini Kampala, na anauza mahindi ili kumsaidia mama yake mjane, Harriet (Lupita Nyong'o). Anamfuata ndugu yake Brian hadi mahali ambapo Robert Katende (David Oyelowo) anawafundisha watoto wa mtaa sataranji, mchezo ambao vijana wengi huuita chesi. Anajifunza, anawashinda wenzake, anasafiri hadi Sudan, kisha Urusi kwenye Olimpiadi ya sataranji ya mwaka 2010. Mwishoni anaipatia familia yake nyumba.

Yale ambayo filamu imeyaona

Sifa ya kwanza ya filamu hii ni kwamba haimtoi mtoto wa kike nyumbani kwao kana kwamba nyumba haipo. Phiona ana maji ya kuteka, mahindi ya kuuza na mdogo wake wa kumlea. Sataranji inapata muda unaobaki. Anapotaka kusoma kitabu cha mchezo usiku, swali linakuwa mafuta ya taa, na mafuta ni pesa. Harriet anauza nguo yake ya thamani ili taa iwake. Mara nyingi tunapozungumzia wasichana na michezo tunaanza na kipaji, kisha tunashangaa kipaji kimepotelea wapi. Filamu inatuonyesha saa za siku ya msichana zinavyogawanywa, na hapo ndipo mwenye klabu anapopaswa kuanza kufikiri.

Sifa ya pili ni namna ilivyomchora Harriet. Katika maonyesho niliyohudhuria, vijana walimnung'unikia mama huyu anapowakataza watoto wake kwenda klabuni. Mimi naona ana haki. Night, binti yake mkubwa, amekwisha kuvutwa na Theo, mwanamume mwenye pikipiki na pesa mkononi. Sasa Harriet anasikia kuna mwanamume mwingine anayewakusanya watoto wa watu, kuwapa uji na kuwafundisha mchezo anaoudhania kuwa kamari. Mama gani asingeuliza anataka nini? Katende naye hamdharau wala hamwiti mshamba. Anakwenda kwake, anajieleza, anaomba. Kwangu onyesho hilo lina uzito kuliko ushindi wowote ndani ya filamu, kwa sababu linamwonyesha kocha akikubali kwamba mzazi ana haki ya kumuuliza maswali.

Sifa ya tatu ni Gloria. Huyu ni msichana mdogo kuliko Phiona, naye ndiye anayepewa kazi ya kumfundisha. Ndiye anayemweleza kwamba kete ndogo kabisa, ikivuka ubao hadi upande wa pili, inaweza kugeuka malkia. Klabu imemkabidhi mtoto wa kike kazi ya ualimu bila hotuba na bila kumsifu kwa ujasiri. Anafundisha kwa sababu anajua.

Pale inapopungukiwa

Sasa tutazame heshima ya Phiona inatoka wapi. Siku ya kwanza watoto wanamcheka kwamba ananuka. Anajibu kwa kupigana, na kocha anamkaribisha kwa sababu ameonyesha kwamba ni mpiganaji. Baadaye anamshinda mvulana aliyekuwa bora kuliko wote klabuni, na kuanzia hapo hakuna anayeuliza anatafuta nini pale. Mwandishi wa filamu amempa heshima hatua kwa hatua: kwanza kwa ngumi, kisha kwa ubao, kisha kwa vikombe. Inapendeza kutazama. Lakini tujiulize: je, asingepigana? Msichana mpole aliyechekwa siku hiyo akarudi nyumbani akilia hayumo ndani ya filamu, ilhali ndani ya klabu zetu ndiye wa kawaida.

Wavulana waliomcheka nao hawafundishwi kitu. Wanaacha kumcheka kwa sababu wameshindwa, na hakuna anayewaambia kwamba kumcheka mgeni kwa umaskini wake ni kosa hata kama mgeni huyo hajui kusogeza kete. Ushindi wa msichana dhidi ya mvulana unawekwa kama jambo la kuchekesha, na watazamaji hucheka kweli. Sisi wanafunzi wa lugha tuichunguze sentensi inayoleta kicheko hicho, ambayo husikika katika kila uwanja wa mtaani: "Umeshindwa na msichana!" Kitenzi kiko katika kauli ya kutendwa, na tusi halimo katika kitenzi. Kushindwa ni kwa kila mchezaji. Tusi limo katika "na msichana", yaani katika kumtaja mtenda. Anayeitamka anadhani anamdhihaki mvulana, kumbe amemtukana mshindi aliyesimama hapo hapo.

Upungufu mwingine ni Night. Filamu inamtumia kama onyo, mfano wa njia ambayo Phiona ameepushwa nayo. Anaondoka na Theo, anarudi na mimba, na maisha yake yanawekwa kando ya maisha ya mdogo wake ili tulinganishe. Hatusikii hata mara moja kama naye angependa kukaa mbele ya ubao. Klabu ilipofunguliwa, hakuna aliyemwalika, na filamu haioni hilo kuwa swali. Hata Gloria, mwalimu wa kwanza, anazidi kusahaulika kadiri mwanafunzi wake anavyopanda.

Najua nitajibiwa kwamba hii ni hadithi ya bingwa mmoja wa kweli na haiwezi kubeba wasichana wote. Hoja hiyo ina nguvu, na kama filamu ingetazamwa sinema tu ningeiachia hapo. Lakini tunapoipeleka mbele ya wasichana arobaini wa mtaani na kuwaambia watazame mfano wao, tunawaambia pia kwamba heshima inasubiri mwisho wa mashindano. Thelathini na tisa kati yao hawatakwenda Urusi.

Ubao mmoja, vyeo viwili

Husemwa kwamba sataranji ni mchezo wa usawa kwa kuwa hauhitaji misuli. Filamu inaegemea wazo hilo bila kulichunguza. Jina sataranji limetufikia kutoka Kiarabu, na katika mchezo wa Waarabu kete iliyosimama kando ya mfalme ilikuwa waziri, aliyesogea mraba mmoja tu kwa mshazari. Ni Ulaya ambako waziri aligeuka malkia, na mwishoni mwa karne ya 15 akapewa nguvu alizo nazo leo. Kwa hiyo kete yenye nguvu kuliko zote ina jina la kike, lakini jina hilo halikuwafungulia wanawake milango.

Hata leo Shirikisho la Sataranji Duniani, FIDE, lina vyeo vya wote na vyeo vya wanawake pekee. Cheo cha juu kabisa kinadai alama 2500, na cha wanawake kinachofanana nacho kinadai 2300. Judit Polgár wa Hungaria alikataa njia ya wanawake, akacheza na wanaume hadi kufikia nafasi ya 8 duniani. Mbele ya mfano wake ni rahisi kusema kwamba mashindano ya wanawake yafutwe. Mimi sikubaliani. Phiona alifika Olimpiadi kupitia timu ya wanawake, na mwaka 2012 huko Istanbul alipata cheo kupitia njia hiyo hiyo. Bila mlango huo tusingekuwa na filamu ya kuhakiki. Nafasi ya pekee kwa wasichana ni halali ikiwa inamwingiza mchezaji ndani. Inakuwa dharau pale anapoambiwa kwamba hapo ndipo mwisho wake.

Klabu zetu

Nilipokuwa sekondari nilichezea timu ya soka ya wasichana katika klabu moja ya mtaani. Uwanja ulikuwa mmoja. Wavulana walianza saa kumi jioni, nasi tulisubiri wamalize. Mara nyingi walimaliza giza linaingia, na wazazi wetu hawakutaka tutembee usiku, kwa hiyo tulifanya mazoezi nusu saa au hatukufanya kabisa. Mwisho wa wiki jezi za timu zote mbili zilifuliwa na sisi. Tulipolalamika, kocha alisema kwamba wasichana huchoka mapema na kukimbilia kuolewa, hivyo hakuona faida ya kutupangia saa. Timu ilivunjika mwaka wa pili. Ninawafahamu wote walioondoka, na hakuna aliyeondoka kwa kukosa kipaji.

Hapo ndipo nusu ya filamu iliyo nzuri inapotusaidia. Kama Katende alivyokwenda kwa Harriet, klabu iende kwa wazazi kabla ya kulalamika kwamba wazazi ni wagumu. Ratiba ipangwe kwa kuangalia giza linaingia saa ngapi na nani anatembea umbali gani. Wiki moja wasichana waanze, wiki nyingine wavulana. Jezi zifuliwe kwa zamu, na uji ugawiwe kwa zamu. Mazoezi ya watoto yasiachwe mikononi mwa mtu mzima mmoja peke yake, na mtoto ajue ni mama gani au dada gani wa kumwendea akiguswa au akisemeshwa vibaya. Kuwe na choo chenye mlango unaofungika, na sodo zisikosekane ndani ya sanduku la huduma ya kwanza. Mengi kati ya haya ni suala la uamuzi kuliko fedha.

Kisha kuna lugha. Kocha anayemkemea mchezaji kwa kucheza rafu amfundishe pia anayesema "umeshindwa na msichana", na amfundishe kabla msichana huyo hajashinda. Hili ndilo nililolikosa katika filamu: mtu mzima anayesimamisha mchezo kwa sababu ya neno.

Sisemi Queen of Katwe iachwe. Ni filamu yenye ukweli mwingi kuhusu mtaa wetu, na Harriet atabaki kuwa mmoja wa wahusika wa kike ninaowaheshimu zaidi. Ninachoomba ni kwamba walimu na viongozi wa klabu wanaoionyesha wasiishie kwenye kikombe na nyumba mpya. Wawaulize watazamaji kuhusu Gloria alikwenda wapi, Night angependa nini, na wangefanya nini wao wenyewe siku ile mgeni alipoingia akachekwa. Tuzo huwaendea wachache kwa asili yake. Matunzo yanapaswa kumfikia kila mtoto aliyeingia klabuni, hata yule atakayeshindwa kila Jumamosi na bado kurudi kwa sababu anapenda kucheza.