Kidole Gumba cha Masanga

Anayeusikia wimbo wa Masanga kwa mara ya kwanza hudhani magitaa ni mawili. Ni moja, na mkono wa kulia wa mpigaji wake, Mwenda Jean Bosco wa Kongo, ulitumia vidole viwili tu: gumba kwenye nyuzi nene, cha shahada kwenye nyembamba. Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alimrekodi mwaka 1952 kule Jadotville, mji ambao leo ni Likasi, Mwenda akiwa bado kijana. Tangu hapo wapiga gitaa wa Kongo, wa Kenya, hata wa Ulaya, wameikalia sahani ya wimbo huo wakitafuta vile vidole vinapitia wapi.

Huku mtaani kwetu Rugenge, jirani yangu mmoja anavitafuta bado. Mchana anachomelea milango na madirisha. Jioni anaketi barazani na gitaa lake, kipande cha kalamu ya risasi kimefungwa kwa mpira wa baiskeli kwenye shingo ya gitaa ili sauti ipande. Kwanza anapiga kwa gumba peke yake, uzi wa chini, wa juu, wa chini, wa juu, mpaka watoto wa uani wanatembea kwa mdundo ule bila kujua. Ndipo anaingiza kidole cha shahada, noti mbili tatu basi. Gumba likiyumba anaacha yote na kuanza upya, polepole kuliko awali.

Ugumu wenyewe uko hapo. Kidole cha shahada kinaingia katikati ya mapigo, na gumba linataka kukifuata kama mdogo anayemfuata kaka yake kila mahali. Jambo hili jirani yangu alilielewa siku ya kwanza kabisa, lakini kuelewa hakukumsaidia kitu; mkono ulitaka jioni nyingi juu ya kipande kilekile kifupi. Kipimo chake ni salamu. Mama anayetoka sokoni anamwambia, "Jambo, papa," naye anaitikia, "Jambo sana, mama, habari ya soko?" Gumba lisikose hata pigo moja. Likikosa, kipande hicho bado hakijawa chake.

Ufundi uliojengwa namna hii hukaa. Mwenda hakuishi kwa muziki peke yake; alifanya kazi za ofisi, akafanya na biashara. Hata hivyo mwaka 1969 alipanda jukwaani Newport, Marekani, na katika miaka ya 1980 alikuwa bado anapiga na kurekodi.

Tena hakuwa mtu wa kujinakili. Mtafiti wa muziki David Rycroft alipokaa akaandika noti za Mwenda moja moja, ilionekana wazi kwamba alikuwa akibadilisha kila aliporudia. Gumba likishatulia, kidole cha shahada kinapata ruhusa ya kutembea. Kwa jirani yangu ruhusa hiyo imeanza kuja. Juzi alipita njia ambayo haimo kwenye sahani, nikamwomba airudie. Hakuipata vilevile, na ile ya pili ilikuwa tamu zaidi.