Sare za Kazi na Heshima ya Mfanyakazi

Neno sare katika Kiswahili lina zaidi ya sura moja. Timu mbili zikifungana bao moja kwa moja twasema zimetoka sare, yaani hakuna aliyemzidi mwenzake. Vivyo hivyo ukoo unapooza au kuozesha, kinamama hukubaliana juu ya kitenge cha namna moja, wakakinunua doti kwa doti, na siku ya arusi shangazi aliyekuja kwa gari na shangazi aliyekuja kwa miguu huketi mkeka mmoja hali wamevaa sare. Katika matumizi hayo yote mawili maana ni usawa. Lakini neno hilo hilo linapovuka lango la mahali pa kazi hugeuka. Ukisikia katika ofisi fulani pakisemwa kwamba wenye sare wapitie mlango wa nyuma, huhitaji kuelezwa ni akina nani: ni mlinzi, mfagizi, mpishi na dereva. Mkurugenzi hamo. Basi neno ambalo uwanjani na arusini lamaanisha usawa, kazini limekuwa jina la kuwatenga wadogo na wakubwa.

Tumeanza na lugha kwa makusudi. Katika midahalo ya shule zetu za sekondari hoja ya sare kazini huletwa mara kwa mara, na kila upande huorodhesha faida au hasara zake kama mchuuzi ahesabuye machungwa: unadhifu, nidhamu, utambulisho, kisha gharama, joto, kunyimwa uhuru. Mwisho wake kura hupigwa na kengele hulia. Aghalabu hakuna aulizaye faida hizo ni za nani na hasara hizo ni za nani. Faida ya mwajiri yaweza kuwa ndiyo hasara ya mwajiriwa, na ukizijumlisha pamoja hupati jibu lolote.

Historia yatupa mwanga mkubwa zaidi kuliko orodha. Katika Unguja na Pemba, kabla utumwa haujafutwa kwa amri mwaka 1897, mtu alitambulikana hali yake kwa nguo. Mtumwa alivaa merikani isiyotiwa rangi, au kaniki, na kwa desturi hakufunika kichwa wala hakuvaa viatu. Hapakuwa na haja ya kuiita nguo ile sare, ilikuwa sare. Ndiyo sababu baada ya kuachwa huru wanawake wengi waliikimbilia kanga yenye rangi na maua. Wako waliodhani kuwa huo ulikuwa upenzi wa anasa tu. Sisi twaona kuwa ilikuwa ni kauli ya watu waliokwisha kuchoka kuvalishwa.

Bara na pwani, wakoloni nao walikuja na kaki. Jeshi la King's African Rifles lilipoundwa mwaka 1902, askari Mwafrika alivikwa kaptula na kofia ya tarbushi, na kwa miaka mingi alipiga gwaride miguu mitupu mbele ya afisa wa Kizungu aliyevaa mabuti. Katika ofisi za serikali, tarishi, hata akiwa mtu mzima mwenye wajukuu, alivaa kaptula. Katika vilabu na mahoteli ya Wazungu, mhudumu alivishwa kanzu nyeupe na mshipi mwekundu kiunoni. Hebu tulitazame jambo hili la mwisho kwa makini. Kanzu ni vazi la heshima, vazi la sala na la baraza. Lilichukuliwa likafanywa vazi la kubebea sinia. Hakuna aliyelichana, hakuna aliyelitukana. Lilivalishwa tu mahali pasipo pake, na likapoteza nusu ya hadhi yake machoni mwa vijana wa wakati ule.

Hata hivyo wenyeji hawakuvalishwa kimya kimya. Tangu miaka ya 1890 katika miji kama Lamu na Mombasa ilianza ngoma ya Beni, nayo ikaenea hadi Dar es Salaam na kisha bara, hasa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Vyama vya Marini na Arinoti vilishindana kwa matarumbeta, kwa gwaride na kwa mavazi ya kijeshi, wakawa na vyeo vyao wenyewe vya Kingi, Jenerali na Kanali. Mwanahistoria Terence Ranger alichapisha kitabu kizima juu ya ngoma hiyo mwaka 1975. Wapo wanaoidharau Beni kuwa ni uigaji wa kasumba. Hatukubaliani nao. Kuli wa bandarini aliyebeba magunia juma zima, na siku ya ngoma akavaa koti la jenerali alilolichagua na kulilipia mwenyewe, alikuwa amekwisha kuifahamu siri ya sare kuliko wale waliomtungia yake: kwamba uzito wa sare haumo katika kitambaa, umo katika kujua ni nani aliyeichagua.

Baada ya Uhuru twalikuwa na nafasi ya kuanza upya, na kwa sehemu tulianza. Mfano ulio bora, kwa maoni yetu, ni Jeshi la Kujenga Taifa lililoanzishwa mwaka 1963. Ilipotungwa sheria ya kuwataka wasomi walitumikie, wanafunzi wa Chuo Kikuu waliandamana tarehe 22 Oktoba, 1966, na Mwalimu Nyerere akawarudisha makwao karibu 400. Wengine husimulia kisa hicho kama habari ya mishahara, na kweli mishahara ilikuwamo. Lakini ndani yake lilikuwamo pia suala la vazi na jembe: je, msomi avae kama wengine, alime kama wengine? Waliofuata walivaa. Kambini mtoto wa waziri na mtoto wa mkulima wa Namtumbo walivaa nguo za rangi moja, wakalala bweni moja na kula maharage ya sufuria moja. Hapo neno sare lilirudi kwenye maana yake. Utaratibu huo wa mujibu wa sheria ulisimama mwaka 1994, ukarejeshwa mwaka 2013, na hata leo mzazi aliyepitia humo hupenda kuonyesha picha yake ya kambini. Hatujapata kumwona mtu aonyeshaye kwa fahari picha yake akiwa amevaa ovaroli ya kampuni.

Upande wa viongozi mambo yalikwenda vingine. Katika miaka ya 1960 na 1970 suti za Kaunda, na zile zilizoitwa za Chou En-lai, zilishika ofisini mahali pa tai na koti zito. Nia ilikuwa njema: vazi jepesi, la bei ndogo, lisilomtukuza mtu. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 uliwakataza viongozi majivuno na madharau, na suti ile ilionekana kuwa nguo iliyolingana na agizo hilo. Baada ya muda, lakini, kila aliyeiona suti ya Kaunda alijua kwamba anapita mkubwa, na mabarazani watu wakaanza kuinuka. Vazi lililokusudiwa kupunguza ukubwa likawa kipaza sauti chake. Nalo halijaacha vituko. Mwezi Novemba 2023 Spika wa Bunge la Taifa la Kenya alilipiga marufuku ndani ya ukumbi, akataka wabunge wavae koti, shati la ukosi na tai. Haya tumeyataja ili ionekane kwamba wakubwa nao wana sare yao, na ya masharti makali, ila hawaiiti kwa jina hilo.

Tusije tukadhaniwa kuwa twapinga sare kwa jumla. Mgonjwa aingiapo hospitali usiku, amemshika mtoto anayeweweseka kwa homa, hana muda wa kuuliza nani muuguzi na nani jamaa aliyekuja kutazama mgonjwa. Gauni jeupe humwambia aende wapi. Askari wa barabarani akiwa amevaa nyeupe huonekana kutoka mbali, na namba iliyo kifuani pake ni haki ya raia kabla ya kuwa pambo la askari, kwa maana asiye na sare hana namba ya kushtakiwa kwayo. Kondakta wa daladala naye, akivaa sare yake, abiria ajua ni nani wa kumpa nauli na nani wa kumnyima. Kwa kazi za namna hiyo, sare ni ahadi iliyoandikwa mwilini: mimi ndimi wa kuulizwa.

Pia iko faida ambayo midahalo huisahau. Binti aliyeajiriwa jana, mwenye magauni mawili tu, sare humwokoa na macho ya wenzake. Twawajua wengi ambao mshahara wao wa kwanza ungaliishia dukani kwa nguo. Kwa mtu wa namna hii sare ni stara.

Lakini stara hiyo huondoka upesi pale inapokatwa katika mshahara. Katika ofisi moja tuliyopata kufanya kazi, walinzi walikatwa fedha za mashati na viatu kwa miezi mitatu mfululizo, na aliyeacha kazi mwezi wa nne alitakiwa avirudishe vyote. Sisi tuliokaa mezani tulipewa fulana za maadhimisho bure, na nyingi tulizifanya matambara. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 humtaka mwajiri atoe vifaa vya kinga kwa wafanyakazi wake. Lakini kofia ya chuma ni kinga, shati lenye jina la kampuni ni tangazo, na twaona ni ajabu kumlipisha mtu tangazo la mwingine.

Anayetaka kujua sare fulani ni ya namna gani, na atazame mvaaji wake saa ya kutoka. Walinzi wengi wa majumba na maduka katika miji yetu huja kazini na nguo zao wenyewe, sare imo ndani ya mfuko wa plastiki, na kabla ya kupanda basi la kurudi huibadilisha tena. Hawataki jirani awaone nayo. Muuguzi naye hutakiwa kuiacha yake kazini, lakini kwa sababu nyingine: asipeleke vijidudu nyumbani wala asivilete wodini. Vitendo ni kimoja, nafsi mbili mbalimbali. Yule anaificha, huyu anaihifadhi. Tofauti hii haitokani na ushonaji, kwani mashati mengine ya walinzi yameshonwa vizuri kuliko magauni ya wauguzi. Yatokana na namna mtu anavyoitwa akiwa ndani ya nguo hiyo. Mlinzi huitwa "we mlinzi" na kijana aliye umri wa mwanawe, ambaye asingethubutu kumwita hivyo mtaani, ambako angemwamkia "shikamoo mzee". Sare imemfuta jina, na pamoja na jina umri.

Kwa watumishi wa umma wasio na sare rasmi, Serikali ilitoa Waraka wa Utumishi Na. 3 wa mwaka 2007 juu ya mavazi. Sisi ambao ni watumishi tumeuishi. Makusudio yake, kwamba mtu anayemhudumia raia avae kwa heshima, hayana ubishi. Twasikitika tu kwamba katika ofisi nyingi hukumbukwa zaidi pale mlangoni, dhidi ya mwanamke mwenye shida aliyesafiri usiku kucha kutoka kijijini, kuliko ndani, dhidi ya karani aliyemkalisha bila jibu toka asubuhi hadi adhuhuri.

Kuna siku moja katika mwaka ambapo haya yote hupinduka, nayo ni Mei Mosi. Siku hiyo mkurugenzi na mfagizi huvaa fulana moja na kofia moja, wakatembea nyuma ya bango moja uwanjani. Wengine huicheka kuwa ni maigizo. Huenda. Lakini yathibitisha kwamba jambo hili lawezekana, kwamba mkurugenzi akivaa kama dereva wake hafi, wala idara haianguki. Swali ni kwa nini tarehe 2 Mei kila mmoja hurudi kwenye ngozi yake.

Kuhusu kitambaa twaweza kusema maneno machache tu. Nchi hii hulima pamba Mwanza, Shinyanga na Simiyu, na mwaka 1968 ilifungua kiwanda cha Urafiki kwa msaada wa China. Hata hivyo sehemu kubwa ya pamba yetu huuzwa nje kabla ya kufumwa, na mlinzi wa Dar es Salaam huvaa nailoni mwezi Januari. Jua la pwani na nailoni havipatani. Anayeagiza kitambaa hicho hukaa penye kiyoyozi, na hatudhani kuwa amepata kukijaribu mwilini mwake.

Walimu watakaolileta jambo hili darasani tungewaomba waache kwa muda orodha za faida na hasara, wawapeleke wanafunzi jikoni mwa shule yao wenyewe. Humo yumo mpishi, na kila baada ya miaka michache hushonewa gauni au koti bila kupimwa, la ukubwa uliobuniwa na mtu wa stoo. Safari ijayo, kabla fundi hajakata kitambaa, mpishi huyo aamkiwe, aitwe kwa jina lake, aulizwe ni nguo gani isiyomchoma mbele ya kuni, mikono yake iwe mirefu au mifupi, na mfuko autaka upande gani.