Ufa wa chasisi huanzia kiraka kinapoishia

Gari lenyewe ni Land Rover Series III, ile ndefu ya 109, iliyobeba watalii kwa miaka mingi. Ililetwa gereji moja ya Arusha ikiwa na ufa kwenye reli ya kulia ya chasisi, mbele kidogo ya difu ya nyuma, pale mkono unaoshika springi unapoungana na reli. Kiraka kilikuwapo tayari: bamba la mraba la milimita 6, limechomelewa pande zote nne. Kiraka kilikuwa kizima kabisa. Ufa mpya ulikuwa umefuata ukingo wake wa mbele, umenyooka kama uliopigwa rula.

Dereva alilaumu rafu rodi. Barabara ilichangia, lakini kilichopasua chasisi hii mara ya pili ni ukarabati wa kwanza.

Sababu iko katika namna chasisi hizi zinavyoundwa. Watengenezaji, Rover, walipoionyesha Land Rover ya kwanza Amsterdam mwaka 1948, chuma nchini Uingereza kilikuwa bado cha mgawo, ndiyo maana bodi ikatengenezwa kwa aloi ya alumini. Kwa upande wa chasisi, badala ya kutegemea mashine kubwa za kukandamiza, walikata vipande virefu vya bamba bapa na kuviunga vinne vinne kwa kuchomelea, vikawa boksi refu lenye uwazi ndani. Kuta za boksi hilo zina unene wa milimita 2 hivi. Chuma chembamba kiasi hicho hubeba mzigo mkubwa kwa sababu boksi limefungwa pande zote, na pia kwa sababu kina nafasi ya kujipinda. Gurudumu moja likipanda jiwe, chasisi hujinyonga kidogo kisha hurudi, na kila sehemu ya reli hupokea mgao wake wa msokoto huo.

Ukibandika bamba la milimita 6 juu ya ukuta wa milimita 2, kipande hicho hakijipindi tena. Mgao wake unahamia jirani, kwenye mstari ule ambapo unene unabadilika ghafla. Na mstari huo ndio uliopigwa moto, ambao mara nyingi huwa umeshakula ukingo wa chuma na kuacha kijifereji. Gari likipita kwenye vijituta vya barabara ya vumbi, msokoto mdogo unarudiwa maelfu ya mara kwa siku. Chuma kinachoka, kinaachia. Kadiri kiraka kinavyokuwa kinene, ndivyo jirani yake anavyoumia.

Safari hii fundi hakukimbilia mashine. Alianza kwa kuusoma ufa. Kati ya difu mbili, mzigo huinamisha reli, kwa hiyo upande wa chini ndio unaovutwa na ufa huanzia huko. Nyuma ya difu ya nyuma mambo hugeuka: mkia wa gari unaning'inia, na kinachovutwa ni upande wa juu. Ufa huu ulianzia chini ukapanda ukutani hadi karibu nusu ya kimo cha reli, sawasawa na mzigo ulivyo. Baada ya hapo alipita na nyundo ndogo akigonga reli nzima. Chuma kizima hulia. Kilichooza hutoa sauti iliyokufa. Reli iliyoliwa na kutu haifai kuungwa ufa, maana mshono hauna pa kushika. Hiyo hukatwa na kuwekwa kipande kipya, au chasisi nzima inabadilishwa. Hii ililia vizuri.

Kilichonifurahisha zaidi ni jinsi alivyotafuta mwisho halisi wa ufa. Rangi na tope viliondolewa mpaka chuma kikang'aa. Mafuta ya taa yakapakwa, yakaachwa yapenye, yakafutwa kwa kitambaa kikavu, kisha chaki nyeupe ikasuguliwa juu. Jeki ilipopandishwa na kushushwa taratibu, mafuta yaliyojificha ndani ya ufa yalirudi juu na kulowesha chaki. Mstari wenye unyevu ulienda mbele ya pale macho yalipokuwa yamekomea, karibu upana wa kidole. Kwa kuamini macho peke yake, sehemu hiyo ingebaki wazi chini ya kiraka.

Mafuta yalisafishwa yote kabla ya moto. Tangi lilishushwa, betri na alterneta zikachomolewa waya, na keria ikatolewa juu ya paa. Chasisi iliwekwa kwenye stendi, halafu jeki ikaisukuma reli mpaka midomo ya ufa ikakutana. Fundi akapima kwa futi ya utepe, bolti hadi bolti, akikatisha mshazari pande zote mbili, mpaka vipimo vikalingana. Hatua hii hurukwa sana, nami naiona kuwa kosa baya: ukichomelea reli iliyoinama, umeifunga katika kuinama kwake, na gari litatembea upande maisha yake yote.

Kiraka cha zamani kiliondolewa kwa kusaga mshono wake kwa grenda, si kwa kukibandua kwa patasi. Kisha tundu la milimita 6 likatobolewa pale ufa ulipokoma. Mwaka 1913 mhandisi Charles Inglis alionyesha kwa hesabu kwamba kadiri ncha ya ufa inavyokuwa kali, ndivyo mkazo unavyorundikana hapo. Kwenye ukingo wa tundu la duara katika bamba pana, mkazo hufika kama mara 3 ya kawaida. Kwenye ncha kali hupita hapo mbali sana. Tundu linaiondoa ncha, ila kingo zake lazima zilainishwe, kwani mkwaruzo mmoja unaweza kuzaa ufa mwingine.

Ufa ulipanuliwa kidogo ili moto ufike ndani, ukazibwa kwa vijiti vya milimita 2.5, ampea 70 hivi, vipande vifupi vifupi huku chuma kikiachwa kipoe chenyewe. Hakuna maji yaliyomwagwa. Mshono ukasagwa ukalingana na ukuta, alama za grenda zikielekea urefu wa reli.

Bamba jipya lilikuwa la milimita 2, unene uleule wa reli, lililokunjwa likumbatie upande wa chini na ukuta. Miisho yake ilichongwa mshazari ikachongoka, na pembe zikaviringishwa. Kwa umbo hilo hakuna mshono unaokatiza reli moja kwa moja. Ugumu unaongezeka polepole na kupungua polepole. Wapo mafundi wanaoingiza bomba ndani ya reli ili kuipa nguvu. Siungi mkono. Bomba hutega maji na tope, na pale linapoishia ndani ya reli, ugumu hubadilika ghafla kama kwenye ukingo wa kiraka cha mraba.

Moto uliunguza rangi ya ndani, kwa hiyo nta ya kuzuia kutu ilipulizwa kupitia matundu ya asili ya chasisi, na matundu ya kutolea maji yakaachwa wazi.

Kazi ingeishia hapo, mwezi ujao gari lingerudi. Bushi za springi hiyo zilikuwa zimekwisha, shokapu ya kulia haikuzuia chochote, na keria ilikuwa ikibeba majerikeni ya maji, magurudumu mawili ya akiba na mahema. Bushi na shokapu zimebadilishwa pande zote mbili, na magurudumu yameshushwa kutoka kwenye keria. Sehemu iliyoungwa imepakwa rangi nyeupe, kwa sababu juu ya rangi hiyo kutu ya ufa mchanga hujitokeza kama uzi wa kahawia mapema zaidi kuliko juu ya nyeusi. Dereva ameagizwa aimulike kwa tochi kila anapobadili oili.