Fani kama Hoja: Hadhira na Uraia katika Appeal ya David Walker (1829)

Historia ya maandishi ya kupinga utumwa nchini Marekani mara nyingi huanzishwa Januari 1831, William Lloyd Garrison alipotoa toleo la kwanza la gazeti la The Liberator mjini Boston. Mwanzo huo unakiacha nje kijitabu kilichotoka katika mji huohuo mnamo Septemba 1829: Appeal, yaani Wito, cha David Walker. Hata kinapotajwa, kijitabu hicho husomwa zaidi kwa maudhui yake, hasa kauli kwamba mtumwa ana haki ya kujikomboa hata kwa nguvu. Makala haya yanadai kwamba usomaji huo ni pungufu, kwa kuwa sehemu kubwa ya hoja ya Walker imo katika fani: katika muundo alioazima na katika namna anavyoiita hadhira yake.

Walker alizaliwa Wilmington, North Carolina, kwa baba mtumwa na mama huru. Kwa kuwa sheria ilimpa mtoto hadhi ya mama, alikuwa huru katika jamii iliyomfanya baba yake mali. Baadaye alihamia Boston, akafanya biashara ya mitumba, akawa pia wakala wa Freedom's Journal, gazeti la kwanza kumilikiwa na kuhaririwa na Wamarekani weusi, lililoanzishwa New York mwaka 1827. Sauti yake, basi, ilitoka katika jumuiya iliyokwisha kujijengea vyombo vyake vya kusemea.

Kijitabu kina utangulizi na ibara nne. Muundo huo ni wa Katiba ya Marekani, iliyotungwa mwaka 1787. Katiba hiyo ilikwepa neno 'mtumwa': hata ilipoamua kwamba watumwa watano wahesabiwe kama watu watatu katika kugawa viti vya wawakilishi, iliwataja kwa mafumbo. Walker anaichukua sura hiyohiyo na kuutaja utumwa waziwazi katika kichwa cha ibara ya kwanza. Ibara zinazofuata zinataja vyanzo vingine vya dhiki: ujinga, wahubiri wa Kikristo, na mpango wa kuwahamishia Afrika watu weusi walio huru, ulioendeshwa na American Colonization Society, chama kilichoundwa mwaka 1816. Hivyo Katiba inashtakiwa kwa umbo lake yenyewe.

Jambo la pili ni hadhira. Anwani ya kijitabu inawaita watu weusi 'raia' wa dunia, na kwa namna ya pekee wale wa Marekani. Uraia huo haukuwa na uthibitisho katika sheria ya taifa. Mahakama ya Juu iliukana mwaka 1857, na Katiba haikuuthibitisha hadi 1868. Uzito wa neno hilo huonekana mtu anapojaribu kulitafsiri. 'Raia', neno lenye asili ya Kiarabu, limebeba pia maana ya mtu aliye chini ya mtawala, na hivyo hupunguza makali ya dai la Walker. 'Mwananchi' lingefaa zaidi katika ibara ya nne, ambamo anashikilia kwamba nchi hiyo imetajirishwa kwa damu na machozi ya watu weusi, na kwamba hakuna wa kuwatoa. Lakini hakuna mwananchi wa dunia. Ugumu huo wa tafsiri unafichua mvutano wa matini yenyewe: Walker anadai nchi moja mahususi, na papo hapo anawaita watu weusi wa kila nchi.

Hadhira hiyo, kwa sehemu kubwa, haikujua kusoma. Herufi kubwa, alama za mshangao zinazofuatana na maswali ya balagha yanayorudiwarudiwa vinaweza kuonekana kama kasoro za uhariri. Hata hivyo, Walker alitaka wasiojua kusoma wasomewe, na alama hizo humwongoza msomaji wa kupaza sauti. Watawala wa Kusini walilielewa hilo. Kijitabu kilipofika Georgia, Bunge la jimbo lilipitisha sheria kali dhidi ya maandishi ya namna hiyo. North Carolina nayo, mwaka 1830, ilipiga marufuku kuwafundisha watumwa kusoma na kuandika. Sheria hizo zilithibitisha msingi wa ibara ya pili, kwamba ujinga wa mtumwa ulitengenezwa na kulindwa.

Ibara hiyohiyo ndiyo yenye udhaifu mkubwa zaidi. Walker anasimulia kisa cha mtumwa wa kike aliyemsaidia msafirishaji wa watumwa kuokoka baada ya uasi, na anakichukulia kuwa ushahidi wa ujinga. Mwanamke huyo hapewi nafasi ya kueleza kitendo chake. Pengo hilo lilianza kuzibwa na Maria W. Stewart, aliyemheshimu sana Walker. Katika hotuba yake ya mwaka 1832 mjini Boston, mwanamke mweusi ndiye anayesema, na anasema juu ya kazi za utumishi zinazomdumaza.

Walker alifariki mwaka 1830. Garrison hakukubaliana na wito wake wa kutumia nguvu, lakini aliujadili kwa kirefu katika gazeti lake. Kwa mpangilio huo, The Liberator inastahili kusomwa kama mojawapo ya majibu kwa Appeal, na fasihi ya mageuzi ya kipindi hicho ianzishwe na wale waliodai haki yao wenyewe.