Ufundi wa Kutunza Plota

Printa kubwa ya wino, ambayo wengi huiita plota hata inapochapa picha badala ya ramani, hupimwa vibaya tangu siku inaponunuliwa, kwa kuwa mnunuzi huitazama bei iliyo kwenye ankara na kusahau kwamba gharama yake halisi italipwa kidogo kidogo, katriji baada ya katriji, kwa miaka mingi. Ukubwa wa gharama hiyo hutegemea sana mtunzaji wa mashine, na ufundi wake, ambao mteja anayekuja kuchukua picha yake hauoni, unastahili sifa kuliko unavyopewa.

Kinachoamua uimara wa plota ni kichwa cha kuchapia, yaani kipande kinachopita juu ya karatasi kikirusha matone ya wino kupitia vitundu vyembamba kuliko unywele. Aina ya kwanza ya kichwa hutumia joto: wino huchemshwa ghafla, kiputo cha mvuke hutokea, na tone husukumwa nje, kanuni ambayo watafiti wa Canon waliibaini mwaka 1977. Aina ya pili, iliyoendelezwa hasa na Epson, hutumia piezo, yaani tabia ya fuwele fulani kuzalisha umeme zinapominywa na kujikunja zinapopitishiwa umeme, tabia iliyoanza kuelezwa na ndugu wawili, Pierre na Jacques Curie, mwaka 1880.

Tofauti hiyo ndiyo inayogawanya hesabu za matengenezo. Kichwa cha joto huchakaa kwa kazi yake yenyewe, na kwa hiyo huhesabiwa miongoni mwa vitu vya kubadilishwa: katika Canon imagePROGRAF PRO-4000, plota ya inchi 44, kichwa kimoja kina vitundu 18,432, na baadhi vikiziba vingine huchukua kazi yao, hadi mwenye mashine alazimike kununua kichwa kipya na kukifunga mwenyewe. Kichwa cha piezo kimekusudiwa kuishi muda wote wa mashine, ila kikifa huhitaji fundi aliyesomea kazi hiyo, na malipo yake huweza kuikaribia thamani ya plota nzima iliyokwisha kutumika. Aina zote mbili, zaidi ya hayo, humwaga wino kila zinapojisafisha, na wino huo, uliolipiwa kwa bei ileile ya wino wa picha, huishia katika tangi la taka.

Hapo ndipo mtunzaji hodari anapojitofautisha na mbonyezaji wa vitufe. Asubuhi, kabla ya kazi yoyote, huchapa jaribio la vitundu, ambalo ni ngazi za vistari vidogo, kila kistari kikitoka katika kitundu kimoja, kisha hulisoma kwa makini: pengo linalorudi palepale kila mara huashiria kitundu kilichoziba, ilhali mapengo yanayohamahama huashiria hewa iliyoingia kwenye mirija au kifuniko kisichobana kichwa sawasawa. Hakimbilii usafishaji mzito, unaokunywa wino na wakati mwingine kuongeza hewa. Huchukua kitambaa kisichoacha nyuzi, akakilowesha maji safi yaliyotoneshwa, akafuta kingo za kifuniko na mpira unaopangusa kichwa, akasubiri, ndipo akajaribu tena. Hutikisa katriji kwa sababu chembe za rangi hutuama. Hujihadhari na kiyoyozi kinachokausha hewa ya chumba. Na huunganisha mashine na betri ya akiba, maana umeme ukikatika katikati ya kazi kichwa hubaki wazi na wino hukaukia vitunduni.

Hata sifa za printa hizi katika sanaa zilijengwa na mikono ya namna hiyo. Printa ya wino ya Iris, ambayo mwanamuziki Graham Nash aliinunua kwa dola 126,000 na kuitumia pamoja na mwenzake Mac Holbert katika karakana ya Nash Editions, iliyofunguliwa California mwaka 1991, ilibuniwa kwa nakala za majaribio za viwanda vya uchapaji, nao wakairekebisha ipokee karatasi nene za sanaa. Leo imo katika hifadhi ya makumbusho ya Smithsonian nchini Marekani.

Kwa duka linalochapa kila siku, basi, piezo ndiyo nafuu ya miaka mingi. Kwa studio inayokaa wiki nzima bila kazi, kichwa cha joto kinafaa zaidi. Anayenunua aina yoyote kati ya hizo bila kutenga mshahara wa mtunzaji atalipa fedha hizohizo, na zaidi, kwa muuza wino na vipuri.