Kifaa Chako cha Baiskeli Kinapima Nini Hasa?

Hebu omba simu ya rafiki yako anayeendesha baiskeli wikendi, yule anayerekodi kila safari kwenye Strava au Garmin, ufungue safari yake ya mwisho. Utakuta umbali, kasi, mapigo ya moyo, wati, kalori, alama ya utimamu wa mwili, VO2max, hata saa anazotakiwa kupumzika kabla ya kutoka tena. Zote zimeandikwa kwa herufi za ukubwa mmoja, na zote zinakutazama kwa uso uleule usio na shaka. Lakini baadhi ya namba hizo zimepimwa, baadhi zimekadiriwa, na baadhi ni makadirio yaliyojengwa juu ya makadirio mengine. Programu haikwambii ipi ni ipi. Hapo ndipo ugomvi wangu ulipo.

Sigombani na vifaa vyenyewe. Nauliza kwa niaba ya mtu mwenye saa sita za mazoezi kwa wiki na kipato cha kawaida, anayetaka kuwa na kasi zaidi na ameambiwa kwamba data itamfikisha. Pedali zenye kipima wati zinaweza kuzidi bei ya baiskeli nzima ya mtumba. Je, ananunua nini hasa?

Tuanze na namba iliyopimwa kweli. Kipima wati kilichoanzisha mambo haya, SRM, kilibuniwa na mhandisi Mjerumani Ulrich Schoberer mwaka 1986. Ndani yake mna vihisi vidogo vinavyonasa jinsi chuma kinavyopinda unapokikanyaga. Kupinda kidogo mno, jicho halioni. Zidisha nguvu hiyo ya kuzungusha kwa kasi ya mzunguko, unapata wati. Watengenezaji wa vifaa bora huahidi kosa la asilimia 1 au 2 tu, na hiyo ni kazi nzuri ya uhandisi. Ila ukinunua kile cha bei nafuu kinachopima mguu wa kushoto peke yake, ujue kinachofanya ni kuzidisha mara mbili. Yaani kimekuamulia kwamba miguu yako ni mapacha.

Kutoka hapo tunaingia kwenye ulimwengu wa kitabu cha Hunter Allen na Andrew Coggan, Training and Racing with a Power Meter, kilichotoka mwaka 2006. Karibu kila programu ya mazoezi ya baiskeli leo inazungumza lugha yake. Kiini chake ni FTP: nguvu ya juu unayoweza kuishikilia kwa takriban saa moja bila kuporomoka. Wazo ni zuri. Tatizo ni kwamba hakuna anayependa kuteseka saa nzima ili aijue, kwa hiyo watu hupiga pedali kwa nguvu zote dakika 20, wanachukua wastani na kuuzidisha kwa 0.95. Ukipata wati 240, FTP yako "ni" 228. Hiyo 0.95 ni namba ya watu kwa jumla. Wewe unaweza kuwa 0.90 kama una misuli ya mbio fupi. Halafu katika jaribio lenyewe kulikuwa na dakika 5 za kujitutumua kabla ya zile 20, ili kuchosha nguvu za muda mfupi. Wengi huziruka, namba ikatoka imevimba.

Utasema, asilimia 5 ni nini? Ni nyingi, kwa sababu kila kitu kinachofuata kinasimama juu ya FTP. Alama ya mzigo wa mazoezi, TSS, huchukua ukali wa safari yako ukilinganishwa na FTP, ikauzidisha kwa wenyewe, kisha kwa muda. Saa moja kwenye FTP ni alama 100. Kama FTP uliyoiandika iko chini ya ile halisi kwa asilimia 5, mzigo wako utavimba kwa takriban asilimia 11. Na tuseme FTP ni sahihi kabisa: nusu saa ya kuhema kwenye kizingiti inakupa alama 50, na saa moja ya mwendo wa wastani, kwenye asilimia 71 hivi ya FTP, inakupa 50 zilezile. Muulize paja lako kesho yake kama ni kitu kimoja.

Sasa njoo kwenye ule mstari wa "utimamu" unaopanda na kushuka, ambao ndio unaowanyima watu usingizi. Huo ni wastani wa alama za mzigo kwa siku 42, siku za karibuni zikipewa uzito mkubwa zaidi. Basi. Haujapima moyo wako, mapafu wala damu. Asili yake ni kazi ya Eric Banister na wenzake nchini Canada katika miaka ya 1970, na humo namba za siku zilitafutwa kwa kulinganisha mfano wa hesabu na matokeo halisi ya mwanamichezo husika. Programu zimechukua 42 kwa utimamu na 7 kwa uchovu, zikamvisha kila mtu, kama sare ya shule.

Angalia matokeo yake. Ukiwa na alama 60 na ukapumzika siku moja, mstari unashuka hadi 58.6 hivi. Pumzika wiki nzima, unafika karibu 51. Ni hesabu tu, lazima ishuke. Lakini hakuna fiziolojia inayosema mtu mwenye afya hupoteza asilimia 15 ya uwezo wake kwa wiki moja ya kulala vizuri. Mara nyingi baada ya mzigo mzito hurudi akiwa na nguvu zaidi. Mstari haujui kama umelala saa nne, kama una mtihani, kama jana ulikuwa na homa. Unajua tu kwamba hujapanda baiskeli, na unakuonyesha mteremko. Mtu anatoka na homa yake ili mstari usianguke. Kwangu mimi hilo ndilo kosa kubwa la mfumo huu: umeufanya mwili uonekane unaharibika hasa pale unapojijenga.

Mapigo ya moyo yana visa vyake. Ile kanuni ya 220 kutoa umri, ambayo bado imo kwenye saa nyingi, inafuatiliwa hadi makala ya Fox na wenzake ya mwaka 1971, na Robergs na Landwehr walipoichimba mwaka 2002 hawakukuta utafiti wowote uliofanywa ili kuizalisha. Mwenye miaka 30 anaambiwa kikomo chake ni 190, wakati 175 au 205 si ajabu. Saa ya mkononi nayo husoma damu kwa mwanga wa kijani, na mkono unaotetemeka juu ya usukani huichanganya. Mkanda wa kifuani, unaosoma umeme wa moyo, ni wa kuaminika zaidi. (Kuhusu ngozi nyeusi, kwa kuwa swali hili haliishi: watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke walilijaribu mwaka 2020, hawakuona tofauti ya maana kati ya rangi za ngozi. Tofauti kubwa zilikuwa kati ya saa na saa, na kati ya kutulia na kusogea.)

Basi tutupe vyote? Hapana. Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi na kujifunzia mbio kwa David Kinjah kule Kikuyu, alitaniwa miaka mingi kwa kuinamia skrini yake hata mlimani. Lakini alichokuwa akifanya kilikuwa na akili: mpinzani akichomoka, yeye hushika wati anazojua anazimudu, kisha anamfuata taratibu. Wewe pia utafaidi hapo. Mwanzo wa mlima kila mtu anajiona simba, na moyo huchelewa dakika moja au mbili kutoa taarifa. Wati husema papo hapo. Pia weka wati na moyo pamoja: barabara ileile, joto lilelile, wati zilezile, na baada ya miezi mitatu moyo unapiga polepole zaidi. Hayo ni maendeleo, na hayahitaji alama ya mtu yeyote. Nasisitiza joto, kwa sababu saa nne asubuhi Dar es Salaam si sawa na saa kumi na mbili.

Ila kama shida yako ni kasi, kuna jambo ambalo programu hizi huligusa kidogo mno, nalo ni hewa. Kwenye tambarare, nguvu ya kuipasua hewa hupanda kwa kasi mara kasi mara kasi: kasi ikiwa mara mbili, nguvu mara nane. Chukua mtu na baiskeli yake, jumla kilo 80, bila upepo, eneo lake la ukinzani wa hewa likiwa mita za mraba 0.32 na msuguano wa tairi 0.005. Kwenda kilomita 30 kwa saa anahitaji wati 145 hivi. Kwenda 36, wati 230. Kasi imeongezeka asilimia 20, nguvu karibu asilimia 60. Sasa akunje viwiko, ashushe kichwa, avae jezi inayobana, na eneo lake lishuke hadi 0.27. Kwa wati zilezile 230 anakaribia kilomita 38 kwa saa. Angeitaka kasi hiyo bila kubadili mkao angehitaji wati 35 zaidi, na kwa aliyekwisha kufanya mazoezi miaka miwili mitatu, hizo ni jasho la msimu mzima kama zitapatikana. Ndiyo, haya nayo ni makadirio. Tofauti ni kwamba nimekupa namba nilizoanzia, unaweza kuyakagua.

Ukitaka ushahidi wa nje ya karatasi, mtazame Chris Boardman. Mwaka 1996 alikwenda kilomita 56.375 kwa saa moja, mikono imenyooshwa mbele kama anayeruka. Mkao huo ukapigwa marufuku. Mwaka 2000 akajaribu tena kwa baiskeli ya mtindo wa ile ya Eddy Merckx ya 1972: kilomita 49.441, mita 10 tu mbele ya Merckx. Alikuwa ameongeza miaka minne, sawa, lakini kilomita karibu 7 si za umri peke yake.

Na hili unaweza kulipima bila kununua chochote. Tafuta mteremko wenye tambarare mbele yake. Anza kutoka alama moja ukiwa umesimama, usipige pedali hata mara moja, uone unafika wapi kabla ya kusimama. Rudia mara tatu umekaa wima, mara tatu umeinama, nguo zilezile, upepo wa tairi uleule. Nenda alfajiri kabla upepo haujaamka, kwenye barabara isiyo na malori wala matuta.