Taji lililoachwa: Bharati na Kalki katika fasihi ya Kitamil
Subramania Bharati (1882–1921), aliyekimbilia Pondicherry ya Wafaransa mwaka 1908 ili Waingereza wasimkamate, alitunga mashairi ya uzalendo kwa Kitamil chepesi, kiimbikacho. Kalki Krishnamurthy aliurithi wepesi huo katika Ponniyin Selvan, riwaya iliyotoka kwa sehemu gazetini tangu 1950 hadi 1954, India ikiwa imekwisha kujitawala. Wengi huishangilia kama sifa za wafalme wa Chola tu; hao wameisoma nusu. Kilele chake si vita. Arulmozhi, ambaye raia wanamtaka atawale, amwachia taji binamu wa baba yake. Tena muuaji wa kaka yake hatajwi kwa yakini, na shaka hiyo, ambayo wahakiki kadhaa wangeiita kasoro, ndiyo inayoizuia riwaya isigeuke utenzi wa kusifu watawala.